Mitambo ikitosha, utajuaje?

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni dijei, naishi Maweni hapa Malindi, na huu ni mwaka wangu wa nne kazini. Nilianza na kontrola ya chaneli mbili, DDJ-400, yaani mashine ya kuchanganyia nyimbo mbili kwa pamoja kutoka kwenye laptopu, kisha mwaka jana nikachukua DDJ-FLX4. Nina laptopu, spika mbili za inchi 15, woofa moja ya inchi 18, taa nne na mashine ya moshi. Napiga harusi, sherehe za kuzaliwa na mara mojamoja hotelini. Kwa mwezi napata kazi tatu au nne, na kila kazi hunilipa kama shilingi 15,000. Sasa nimeona kontrola ya chaneli nne kwa shilingi 185,000. Nimeshaweka arubuni ya 10,000 na chama chetu kimekubali kunikopesha zilizobaki. Nafikiria pia woofa ya pili na taa za kuzunguka. Mke wangu anasema nyumba imegeuka stoo. Mimi humjibu kwamba chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Je, mtu anajuaje kuwa mitambo imetosha? Na ile 400 ya zamani, niiuze?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na hiyo mara ya pili nilikuwa natafuta kitu kimoja tu: mahali ulipoandika kwamba kazi fulani ilikupita, au iliharibika, kwa kuwa huna chaneli nne. Sikupaona. Umenitajia ulichonacho na unachokitaka, lakini hukunitajia hata harusi moja iliyokushinda. Hapo nusu ya jibu imeshapatikana. Ningeweza kuishia hapa, ila najua hutaridhika, maana hata mimi nisingeridhika enzi zangu.

Tuanze na hiyo methali unayompiga nayo mkeo. Siku moja teremka ufuoni, uangalie wavuvi wanavyoshusha mashua. Nyenzo ni yale magogo wanayoyatandika chini ya mkuku ili chombo kibingirike mpaka majini. Bila magogo chombo hakitoki mchangani, na methali yasema kweli. Lakini kikishaelea, magogo hubaki palepale pwani. Sijapata kumwona nahodha aliyeyapakia akasafiri nayo. Mwaka wako wa kwanza ulikuwa mchangani, ulihitaji kontrola, spika na laptopu, ukavipata. Umeshaelea zamani. Hizi 185,000 ni magogo unayotaka kuyapakia chomboni.

Nami nikupe aibu yangu, ili usione nakuhubiria tu. Miaka ile nilipokuwa bado napiga kwa deki za CD, niliitwa Lamu kwenye harusi mtaa wa Langoni. Nilikuwa nimetoka kununua miksa ya chaneli nne, kubwa, ndani ya kasha lenye pembe za chuma, na nilitaka watu waione. Nikapanda nayo basi kupitia Garsen na Witu hadi Mokowe, nikavuka nayo kwa boti, na pale gatini hamali mmoja akaibeba kwenye mkokoteni maana vichochoro vya mji wa Lamu havipitishi gari. Njiani aliniuliza kama ni mashine ya kusaga mahindi. Tukafika, nikafungua kasha mbele ya vijana wa nyumba ile, kila mmoja anatoa macho. Miksa hiyo hapo, deki mbili, hedifoni jozi mbili. Waya wa umeme wa miksa nilikuwa nimeuacha Malindi, juu ya kitanda.

Alasiri ilikuwa imekwisha na wageni walitarajiwa baada ya isha. Nilitoka mbio mpaka kwenye duka la intaneti upande wa pwani, nikamkuta kijana anafunga. Akachomoa waya nyuma ya kompyuta moja ya mezani, ule wa matundu matatu, akanipa kwa sharti kwamba ifikapo saa mbili asubuhi uwe umerudi. Basi mashine iliyomeza kipato changu cha msimu mzima ilisimama usiku ule kwa hisani ya waya wa kompyuta. Na unajua nilitumia chaneli ngapi? Mbili. Zile nyingine mbili nilizibandika utepe mweusi, nisije nikazigusa kwa bahati mbaya gizani.

Niliporudi nikanunua daftari la shule, na bado ninalo, ingawa sasa ni la nne au la tano. Kila nikitoka kazini, kabla sijalala, naandika mistari mitatu: nilichoombwa nikawa sina, kilichokwama, na wimbo uliowainua watu vitini. Wakati mwingine naandika macho yamefumba, asubuhi sisomi mwandiko wangu mwenyewe. Lakini ukipitia kurasa zile utaona kebo, kebo, maiki inayokatika, umeme, kebo, mzee kaomba muziki wa bango nikawa na nyimbo tatu tu, maiki tena. Kontrola kukwama imeandikwa mara chache mno, na karibu zote ilikuwa ni waya wake wa USB uliolegea.

Fanya hivyo leo kwa kumbukumbu. Kaa chini, ziandike kazi zako kumi za mwisho, moja baada ya nyingine, na mbele ya kila moja uandike kilichokwama. Kitu kikijitokeza mara tatu katika kumi, kanunue bila kuniuliza. Kikijitokeza mara moja, kikodi siku kitakapohitajika tena. Kisipojitokeza kabisa, basi hicho ni hamu. Na nikikujibu swali lako kwa ukamilifu, mitambo imetosha siku utakapopitia kurasa hizo ukaona kwamba yanayokukwamisha hayauzwi dukani: hujui nyimbo za wazee, unachelewa kufika, unapandisha kasi mapema kabla watu hawajala.

Sasa chaneli nne zenyewe. Sisemi ni upuuzi. Kuna mtu anayelaza sauti ya mwimbaji juu ya mdundo wa wimbo mwingine huku wa tatu unasubiri, na kuna madijei wawili wanaopiga pamoja kwa kupokezana. Hao wana haki nazo. Lakini wewe umeniambia ni harusi. Unaijua kupamba yetu ilivyo: ukumbi wa wanawake, mwanamume haingii, nawe umekaa nyuma ya pazia au chumba cha pembeni, huoni mtu. Unachohitaji pale ni kebo ndefu ya kufikia spika, maiki isiyo na waya, na dada mmoja mwenye masikio ndani ya ukumbi wa kukutumia ujumbe kwamba bibi harusi anaingia, punguza, sasa pandisha. Mke wako anaweza kuifanya kazi hiyo, na akalipwa. Chaneli ya tatu haiwezi kukuambia kwamba bibi harusi ameshafika mlangoni.

Na kama kuna sauti inakunong'oneza kwamba dijei kamili ni wa chaneli nne, kumbuka kwamba dijei Kool Herc, alipopiga ile sherehe ya Agosti 1973 huko Bronx, New York, ambayo watu huihesabu kuwa mwanzo wa hip-hop, alikuwa na mashine mbili za kupigia santuri. Alichofanya ni kuipata ile sehemu ya wimbo ambayo watu waliingoja ili wacheze, akairefusha. Aliijua kwa kuwatazama watu.

Kuhusu hoteli, hapa nataka unisikilize vizuri maana ndipo vijana wengi wanapopotea. Hoteli na klabu kubwa zenye kibanda cha dijei huwa na mashine zao zimeshafungwa, mara nyingi zile CDJ za Pioneer, mashine zinazopiga nyimbo kutoka kwenye CD au flashi bila laptopu. Hawataki uje na kontrola yako, hata iwe ya chaneli nane. Wanataka uje na hedifoni na flashi mbili zenye nyimbo zilizopangwa. Mbili, kwa sababu moja itakufia. Na flashi zenyewe ziumbizwe (format) kwa mfumo wa FAT32, kwa kuwa CDJ-2000, ambayo bado utaikuta sehemu nyingi, haisomi flashi ya NTFS wala exFAT. Nimemwona kijana amesimama mbele ya mashine mbili nzuri, flashi yake ina maelfu ya nyimbo, kioo kinamwandikia hakuna kitu, na meneja anaangalia saa. FLX4 yako inafanya kazi na Rekordbox, programu ileile inayoandaa flashi za CDJ. Maana yake mlango wa hoteli unao tayari mezani kwako, hujaufungua tu.

Halafu angalia jinsi mashine za kazi zinavyokwenda polepole. Technics SL-1200, ile mashine ya santuri, ilitoka 1972, ile ya MK2 ikaja 1979, na watu waliipiga karibu bila mabadiliko mpaka uzalishaji ukasimama 2010, kisha ikarudishwa 2016. CDJ-1000 ni ya 2001, CDJ-2000 ni ya 2009, CDJ-3000 ni ya 2020. Takriban kila baada ya muongo mmoja. Lakini kontrola za nyumbani, hizi za kwetu, DDJ-400 yako ni ya 2018 na FLX4 ikafuata mwishoni mwa 2022. Anayekimbizana na hizi hafiki, kwa sababu anayepanga mwendo ni muuzaji.

Tuje kwenye hesabu. Chukua kalamu. Kazi moja 15,000. Toa tuktuk ya kwenda na kurudi, kijana wa kukusaidia, chakula, petroli siku ya jenereta, na kitu kidogo cha matengenezo. Tuseme 6,000, na ukiniambia ni chache zaidi nitakuuliza nani anakubebea hiyo woofa. Zinabaki 9,000. Ukigawa 185,000 kwa 9,000 unapata kazi 21, yaani miezi sita ya kupiga bila kula, bila kodi, bila karo.

Wengi huishia hapo wakasema miezi sita si mingi. Lakini hesabu hiyo ina udanganyifu ndani yake. Hizo 9,000 unazipata tayari kwa mashine uliyonayo. Kontrola mpya haiwezi kujisifia fedha za ya zamani, ni lazima ilete zake. Basi jiulize: mteja wako akijua una chaneli nne, atakuongezea ngapi? Mama wa bibi harusi kule Mambrui atasema, ahaa, kwa kuwa ni chaneli nne, chukua na hii? Tufanye wakuongeze 1,000 kila kazi, na hapo nimekuwa mkarimu. Ni kazi 185. Kwa mwendo wako wa kazi tatu na nusu kwa mwezi, ni miaka minne na ushei, na wakati huo muuzaji ameshatoa nyingine mbili.

Na mkopo wa chama unadai kila mwezi, ilhali pwani yetu hailipi kila mwezi. Ramadhani harusi hakuna, muziki umelala, na chama hakifungi. Masika ikiingia, Aprili mpaka Juni, hoteli nyingi za hapa na Watamu hufunga au hubaki na walinzi na paka. Neema yako iko baada ya Idi na kwenye Disemba hadi Machi, wageni wanapojaa na kaskazi inapovuma. Dijei wa pwani anayekopa kwa kutazama Disemba hulipa mwezi wa Mei. Nilishauza jenereta nzuri kwa bei ya kutupa kwa sababu hiyohiyo.

Woofa ya pili sikukatalii haraka, kwa kuwa hapo kuna kitu cha kweli. Kwanza tusidanganywe na wati zilizoandikwa kwenye boksi. Ukiongeza wati maradufu kwenye spika ileile, sauti inapanda desibeli 3 tu, sikio linaona tofauti ndogo. Ili mtu aseme sauti imekuwa mara mbili, unahitaji kama desibeli 10, na hizo ni wati mara kumi. Upande wa pili, ukiwa nje, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti inashuka desibeli 6. Kwa hiyo spika iliyosogezwa karibu na wachezaji, ikapandishwa kwenye stendi juu ya vichwa, inafanya kazi ambayo ungelipia pesa nyingi kuipata kwa wati. Nimeona madijei wengi Malindi wanaweka spika chini, nyuma ya safu ya viti vya plastiki. Mtu wa mbele anazibwa masikio na wa nyuma anasikia minong'ono, halafu dijei anasema spika zake hazitoshi.

Besi ndiyo inayopotea zaidi uwanjani, maana hakuna ukuta wa kuirudisha. Jaribu kwanza hiyo woofa moja uisukume hadi kwenye ukuta, au kwenye pembe ya kuta mbili kama ipo. Utashangaa. Kama kazi zako nyingi ni za uwanja wazi, Gongoni, Marafa, ufukweni, na daftari linasema besi, besi, besi, basi ongeza woofa, na iwe ya aina ileile. Zikishakuwa mbili usiziweke moja kulia na nyingine kushoto kwa sababu ya kupendeza picha. Zibane pamoja. Zikiwa pamoja zinasaidiana na unapata karibu desibeli 6. Ukizitenganisha, kuna meza zitakazopigwa na besi mpaka soda zitikisike na meza za jirani hazisikii kitu, kwa sababu mawimbi yanakutana na kuuana.

Kabla ya hayo yote, taa nyekundu. Kama wewe ni wa kuiacha miksa inawaka nyekundu usiku kucha ili sauti itoke, hakuna spika itakayokutosha. Unapiga sauti iliyokatwa kichwa, na kitakachoungua kwanza ni twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Acha kwenye kijani, iguse njano kwenye mdundo mkubwa, kisha upandishe kwenye spika zenyewe. Na nyimbo zako uzichunguze. Wimbo uliobanwa hadi kilobiti 128 kwa sekunde, uliopakuliwa na kupakuliwa tena kutoka simu hadi simu haupati uhai kwenye spika nzuri. Spika nzuri ndiyo itakayokufichulia ubovu wake. Nilipokuwa na spika mbovu sikujua kama nusu ya taarabu zangu zilikuwa zinapiga kama zimefunikwa blanketi.

Umeme pia una mpaka wake. Soketi yetu ni ya ampea 13 kwa volti 240, ambayo ni wati 3,120 kwa vyote vitakavyochomekwa hapo. Spika mbili, woofa mbili, taa za kuzunguka, mashine ya moshi ambayo inachemsha kama birika, na feni ya mama mwenye nyumba. Na vyote vimepita kwenye ekstensheni moja iliyoachwa imeviringwa, inachemka taratibu chini ya mkeka. Ekstensheni hukunjuliwa yote, hata kama unahitaji mita tatu. Nikisikia mtu anataka kuongeza mitambo huwa namuuliza kwanza ataichomeka wapi. Na jirani je? Kanuni za kudhibiti kelele zipo tangu 2009, na chifu anazijua kuliko unavyodhani.

Taa za kuzunguka, kodi. Sina la ziada.

Kuna adui mwingine hapa kwetu ambaye madijei wa Nairobi hawamjui, naye ni hewa ya bahari. Kifaa kilicholala Malindi hakipumziki, kinaliwa. Chumvi inaingia kwenye matundu ya kebo, fada, vile vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti, zinaanza kukwaruza, skrubu zinageuka rangi ya chai. Kila kifaa unachoongeza ni kingine cha kukilisha dawa, na usichokitumia ndicho kinachooza upesi. Nenda ukaitazame mashine ya moshi. Lini uliiwasha mara ya mwisho? Futa mitambo kwa kitambaa kikavu kila ukitoka kazi ya ufukweni, ifunike kwa leso kukuu, siyo nailoni inayofungia unyevu ndani, na tupia vile vifuko vidogo vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Fada ikikwaruza tumia dawa ya kupuliza ya vifaa vya umeme. Usitie mafuta ya cherehani. Nimepokea kontrola hapa mezani kwangu zimekaangwa kwa mafuta hayo.

Kipimo changu kingine ni tuktuk. Wakati mitambo yangu yote pamoja na mimi mwenyewe tulipokuwa tunaingia kwenye tuktuk moja, nilikuwa napata faida. Siku niliyohitaji ya pili, ikaja na kijana wa pili, na sahani ya pili ya pilau ya kuomba kwa wenye harusi, na nusu saa zaidi ya kufunga nyaya huku wageni wanakutazama. Kisha ikawa pikapu. Bei yangu haikubadilika. Ukitaka kuongeza kitu, kipakie kwanza kwa macho kwenye tuktuk uone kama mlango unafunga. Kwa Lamu fanya hivyohivyo kwa mkokoteni mmoja, na ukumbuke kwamba mara mbili, kupanda botini na kushuka, kila kasha linapita juu ya maji ya chumvi mikononi mwa mtu mwenye haraka.

Hamu yenyewe siilaumu. Mimi bado naiona. Huja usiku, simu iko mkononi, video ya mtu wa Ulaya mwenye vidole vyepesi, mashine inawaka rangi zote. Huwezi kununua vidole vyake, kwa hiyo unaitaka mashine yake. Na kuna ile raha ya kungoja mzigo uje na basi kutoka Mombasa, ya kupasua boksi, harufu ya plastiki mpya. Raha hiyo kwangu ilikuwa inadumu kama wiki mbili. Dawa niliyoipata ni kujiwekea kwamba nikitamani kitu, nakiandika nyuma ya daftari na tarehe, na sikinunui mpaka kazi kumi zipite. Vingi nikirudi kuvisoma nimesahau hata ni nini. Na usiku hamu inapozidi, nawasha kontrola niliyonayo nikapiga saa moja bila kuangalia kioo cha laptopu, kwa masikio tu. Jaribu. Utagundua FLX4 yako ina vitufe hujawahi kuvibonyeza.

Sasa arubuni. Usiiache ipotee kwa aibu. Nenda kwa muuzaji kesho asubuhi, umsalimie vizuri, umwambie kontrola umeiahirisha na 10,000 yako unataka uichukulie vitu: kebo nzuri za spika, na za akiba, waya wa USB wa kontrola wa pili, na kama kuna kitakachobaki, uongezee maiki ya waya ya kuaminika. Maiki aina ya SM58 ya Shure imekuwapo tangu 1966, na huanguka ikaokotwa ikaendelea, ila jihadhari na za bandia, ni nyingi kuliko za kweli. Wauzaji wengi wa hapa hukubali kubadilisha kuliko kurudisha fedha. Akikataa kabisa, ichukulie hiyo 10,000 kuwa ada ya shule, ni nafuu kuliko niliyolipa mimi. Chama nacho uwaambie asante, wakuwekee nafasi mpaka baada ya Idi, utakapokuwa na daftari la kuwaonyesha.

Na ile 400, usiiuze. Kwa bei ya mkononi utapewa hela ambayo itaisha kabla ya Ijumaa, na aliyeinunua atakuwa mshindani wako. Isafishe, ifunge pamoja na waya wake wa USB, waya uleule na siyo wa kuazima, ndani ya mkoba mmoja, na iende na wewe kila kazi hata kama haitoki mkobani. Mara moja kwa mwezi ipigie nyumbani wimbo mmoja au miwili, uhakikishe fada zote mbili bado zinanyamaza unapozishusha.